Kolis Haina Kinywa

Prof alikuwa haazimi bisibisi. Naanza hapo kwa makusudi, maana wengine wakimsimulia wanaanza na akili zake, na akili zake tutazifikia tu, hazikimbii. Ukienda kwake kuomba bisibisi, alikukubalia kwa tabasamu la mzee wa kanisa, akaingia ndani, akarudi na bisibisi iliyofungwa kamba kwenye mpini, na ncha nyingine ya kamba imefungwa kwenye nguzo ya baraza yake. "Tumika, mama," anasema, "kamba ni murefu." Ukitaka kukaza kiti, lete kiti. Ukitaka kukaza mlango, ng'oa mlango uulete. Mimi nilimpelekea mashini yangu ya fotokopi kwa toroli, nikaikaza pale barazani mbele ya macho ya mtaa mzima, naye ameketi ameshika kamba kama mchunga mbuzi.

Na huyu ndiye mtu aliyefundisha nusu ya mji wetu wa Kamina namna ya kufunga vitu na kuvituma mbali. Ukubwa una mambo!

Nilikuwa jirani yake. Duka langu la fotokopi na la kuandikia watu barua limeegemea ukuta wa uwanja wake, upande wa kwendea gare, stesheni ya treni, na ukuta wenyewe ni wa matofali ya udongo. Alichosema nilikisikia, nilichosema alikisikia, na hatukuwahi kujifanya vingine. Kabla ya ujirani alinifundisha kompyuta, enzi zile shule yetu ya Wamethodisti ilipokuwa na kompyuta moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mtaa ulimwita Prof. Mkewe alimwita Prof. Nadhani hata yeye mwenyewe, akijikwaa kidole, alijilaumu kwa jina hilo.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja nasi tulikuwa darasa zima, alitufundisha kwa makarton, yale maboksi ya karatasi ngumu. Kila mwanafunzi alete karton tupu na ndugu mmoja wa mbali. Ndugu huyo si wa kumleta, ni wa kumfikiria. Mimi nilikuwa na shangazi Kabondo-Dianda. Nikaweka ndani sukari, sabuni na kitenge, nikafunga vizuri, nikaandika jina la shangazi juu. Prof akaja, akainama juu ya karton yangu kama daktari.

"Sukari inaenda wapi?"

"Kabondo, Prof."

"Kabondo ni mukubwa. Mu nyumba ya shangazi yako, inaenda wapi? Mu jikoni ao mu chumba?"

"Shangazi njo atajua." Njo kwetu ni ndiye, na ni ndiyo.

"Shangazi iko na macho. Kompyuta haina macho. Unaiambia sukari iko mu kabati ya jikoni, inaenda mu kabati ya jikoni. Ukiweka sukari chini ya kitanda, itakufa na njaa, na sukari iko palepale."

Akanipa sifuri. Darasa zima lilipata sifuri siku ile, hata mtoto wa mchungaji, jambo lililotufariji. Wiki iliyofuata tulijenga ndani ya kila karton nyumba ndogo ya ndugu yetu: kajikoni, kachumba, kakabati ka vijiti, na kila kitu kikawekwa pale kitakapokaa siku ya kufunguliwa. Wazazi wakauliza kama hii ndiyo kompyuta wanayoilipia. Prof akawajibu neno lake, lile alilolirudia mpaka tukamwigiza nalo uwanjani: "Kolis haina kinywa. Haiwezi kuuliza njia." Kolis kwetu ni mzigo wa kumtumia mtu.

Wapi! Tulidhani joto limemzidi. Miaka ilipopita ndipo nilipoelewa alichokuwa akitufundisha, na nitakieleza mara moja tu, kwa sababu bila hicho hutamwelewa mwenyewe. Kila kompyuta ina kiini. Yeye alikiita noyau, kwa Kifaransa. Noyau ndiyo inayoiamsha mashini, lakini peke yake haisikii wala haisemi. Masikio na koo lake ni vipande vidogo vinavyoitwa moduli, na noyau huvitafuta katika kabati moja tu, ambalo kila mashini inalo, na anwani yake ni ileile. Sasa ukimpikia mtu wa mbali noyau mpya kwenye mashini yako, lazima uiambie mashini: moduli hizi usizipange katika kabati lako, zipange katika kabati la mfano, ndani ya kolis, ili kolis ikifunguliwa kule, zishukie katika kabati la kule. Ni mstari mmoja wa maneno. Usipouandika, mashini, ambayo ni tiifu na haina akili, itazipanga kwako nyumbani, na wewe utatuma karton tupu.

"Kupika" si neno langu, ni lake. Noyau za kuletwa tayari, zile ambazo dunia nzima inazitumia, alizidharau. "Ile ni supu ya matanga," alisema. "Inashibisha kila mutu, haiponyeshe mutu hata mumoja." Kwa hiyo alipika yake, kwa umeme wa jua, sahani za jua zimepangwa juu ya bati la nyumba yake. Kupika kulichukua mchana mzima, na mchana huo hakuna kupiga pasi, hakuna kuchaji simu ya mgeni, hakuna redio. Wingu likipita kabla noyau haijaiva, kila kitu kilikatika, na nyuma ya ukuta wangu ungesikia sauti ya hasira ikisema: "Aleluya!" Mmethodisti safi hatukani. Lakini mimi nilijifunza kupambanua Aleluya za Prof, na nyingine, nakuapia, zisingefaa kusikiwa na watoto.

Alivaa tai kila siku, hata siku ya kufua. Alichukia kuchelewa, na alichelewa kila mahali, kwa sababu alisimama njiani kuwakemea waliochelewa. Alikuwa mkarimu wa chakula mpaka unaona haya. Kitu cha chuma, hata msumari, hakikutoka kwake. Aliimba besi katika kwaya na alikuwa hapatani na kila mwanakwaya, kwa zamu. Na alikuwa mtu wa kuondoka, ambaye hakuwahi kuondoka.

Hilo la mwisho lina sanduku ndani yake. Kando ya mlango wake lilikaa sanduku la chuma la kijani, alilolitoa Base, ile kambi ya jeshi, alikofundisha zamani watoto wa wanajeshi. Familia za Base zinaishi hivyo: leo uko Kamina, kesho bwana anahamishwa, hujui ni Kisangani au ni wapi, kwa hiyo hufungui vitu vyote. Prof hakuwa mwanajeshi, lakini ugonjwa ule aliuchukua. Alipohamia mjini aliliweka sanduku mlangoni, akasema, "Minyi niko hapa kwa muda," minyi yaani mimi, na kila asubuhi alitoa shati sandukuni, na kila jioni alilirudisha sandukuni, limekunjwa, tayari kwa safari. Watoto wa mtaa walizaliwa, wakaota ndevu, sanduku lipo. Mkewe aliomba kabati la nguo mpaka akachoka.

"Kabati haisafiri," Prof alimjibu.

"Na weye?" mkewe akauliza. "Weye unasafiri?"

Mkewe nilimwita Yaya, dada mkubwa, na alilistahili jina hilo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yaliyonolewa. Mama yake alipougua kule Malemba-Nkulu, alienda kumuuguza, na hakuchukua sanduku. Alichukua mfuko wa plastiki na kanga mbili, akapanda pikipiki, akaenda. Mama mzazi akafa.

Hapa sharti nipunguze mzaha kidogo. Kwetu, mkwe wa kiume asipofika kwenye matanga ya mama mkwe wake, hata awe na diploma za kupakia toroli, amejiandikia aibu. Anawekewa kiti. Kiti kinakaa nje mbele ya watu mpaka siku atakapofika, na asipokikalia, watu wanakitazama. Prof hakwenda. Ni kweli barabara ilikuwa mbaya siku zile, watu wenye silaha waliikata, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Badala yake alituma kolis. Nilimsaidia kuikata karton. Haijatoka Kamina kolis iliyofungwa kama ile: kitambaa cheusi juu, kwa sababu kinavaliwa kwanza, kahawa na sukari upande wa jikoni, mishumaa upande wa chumba, kila kitu na nafasi yake. Waliifungua kule mbele ya ukoo, nikasikia baadaye, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mtu tu ndiye alikosekana.

Halafu barabara ikatulia. Wauza samaki wakapita, mapadri wakapita, hata mzee mmoja kipofu alipita na mjukuu wake. Prof hakupita. Mara sahani za jua zina vumbi, mara kwaya ina sikukuu, mara goti. Nasema waziwazi kwa kuwa namheshimu: aliogopa. Na aliyemwogopesha hakuwa mtu wa bunduki. Aliogopa kile kiti, na macho ya wakwe zake wakimtazama anavyokikalia kwa kuchelewa. Kila siku aliyoahirisha ilikifanya kiti kuwa kirefu zaidi.

Yaya naye hakurudi. Alipata kazi katika redio ndogo ya pale Malemba, kusoma komunike. Mtu wa mji mkubwa hawezi kujua komunike ni nini. Ni tangazo la redioni, na kwa hilo unajua nani amekufa, nani amepotelewa na mbuzi, familia ipi inamwita mtoto wake arudi, na, kubwa kuliko yote, barabara ipi inapitika leo. Kisha mashini ya redio, kompyuta inayorusha sauti, ikaharibika. Wakaletewa nyingine ya msaada, nzee, ambayo kadi yake ya sauti hakuna noyau ya siku hizi inayoitambua. Inawaka vizuri, inaandika vizuri, ila bubu. Malemba nzima ikawa haina sauti. Watu wakaenda njia iliyokatika kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Yaya alipiga simu kwenye duka langu, maana mtandao unashika mlangoni kwangu kuliko popote mtaani. Nikamwita Prof, akaja mbio, tai begani. Sikujitenga, lilikuwa duka langu.

"Prof," Yaya alisema, "redio ya huku inakuhitaji weye. Tengeneza. Redio ikisema barabara iko muzuri, tutaonana."

Akakata. Prof akanigeukia, uso unang'aa kama sufuria jipya.

"Unasikia? Anakuja!"

Mimi nilisikia, na "nakuja" sikuisikia. Lakini mtu hajacheka tangu mkewe aondoke, utaanzaje kumsahihisha?

Basi akapika. Siku zile mtaa ulipata likizo ya pasi. Aliitafuta dawa ya ile kadi nzee ya sauti, akaitia ndani ya noyau yake, jua likamkubali, na jioni akaibuka na kle, kile kidude kidogo cha kubebea mafaili, amekivisha plastiki na karatasi na plastiki tena. Mama mmoja muuza samaki wa Malemba alikuwa anarudi kwao. Akakipokea, akakitumbukiza ndani ya kapu lililokuwa na samaki wakavu. Prof alitaka kusema kitu kuhusu nafasi ya kila kitu. Yule mama akamtazama, akafunga kapu.

Kule redioni kulikuwa na mtu mmoja ambaye ni direkta, yaani mkurugenzi, ni fundi, na ni mlinzi, tumwite Direkta. Baada ya siku kadhaa simu ikalia.

"Prof, tuliweka noyau yako. Mashini inaamka muzuri sana. Ila inanyamaza."

"Hapana. Hapa kwangu inaimba."

"Kwetu haiimbe, Prof."

"Ngoja!" Akakimbilia kwake, akafungulia wimbo wa kanisa kwa nguvu zote, mpaka ukuta wangu ukamwaga udongo, akarudi anahema. "Unasikia? Inaimba!"

"Ndiyo, Prof. Kwako inaimba."

Hapo yakaanza mabishano yaliyonipatia wateja, maana watu walikuja kunakili karatasi ambazo hazikuhitaji nakala ili wasikilize. Prof alisema ni harufu ya samaki imeingia kwenye kle. Akasema ni joto la mtoni. Akasema ni mikono ya Direkta. "Bale bantu ya Malemba banapenda kuvua, habapende kusoma," akaniambia, wakati mkewe, kipenzi cha roho yake, ni mtu wa Malemba. Mwisho akaapa atanithibitishia, akaiweka ile noyau kwenye kompyuta yangu ya duka. Nilikubali kwa upumbavu. Kompyuta ile iliwapigia wateja rumba tangu asubuhi hadi jioni, ndiyo iliyowavuta. Akaiwasha. Ikaamka vizuri sana, ikanyamaza.

Tukaitazama wote wawili.

"Aleluya," Prof akasema, polepole. Aleluya ile sikuwa nimewahi kuisikia.

Akaenda kwake. Alipotoka alikuwa amevua tai. Alikuwa amekwenda kufungua kabati la mashini yake mwenyewe, na moduli zote alizikuta humo, zimepangwa safi, hata moja haikukosa. Koo lote la redio ya Malemba lilikuwa limeketi Kamina, linaimba nyimbo za kanisa. Ule mstari mmoja wa maneno, ule ambao kwa ajili yake alinipa sifuri ya sukari, hakuuandika. Na kwa kuwa alijaribu kolis yake kwenye mashini iliyoifunga, alisikia ikiimba, akaamini.

Mganga hajigangi, nikawaza. Sikumwambia. Nilimwambia tu anirudishie rumba yangu.

Mara ya pili aliandika ule mstari kwa mkono wa mtu anayeandika wosia. Moduli zikaenda ndani ya kolis kama zilivyoamriwa. Lakini kolis yenyewe alikuwa ameiweka ndani ya nyumba yake, maana ndani ya kompyuta kila mtu ana nyumba yake yenye jina lake, na siku ya kuifunga, badala ya kuanzia kwenye karton, alianzia mlangoni mwa nyumba. Muuza samaki akachukua kle ya pili. Direkta akapiga simu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayejibana asicheke.

"Prof, kolis ilifika. Ila huku mu mashini ya redio kuko nyumba."

"Nyumba gani?"

"Nyumba yako, Prof. Iko na jina yako pa mulango. Nikiingia mu nyumba, ninakuta kolis. Nikifungula kolis, ndani njo kuko kabati na moduli yote. Noyau inatafuta kabati mu redio; kabati iko kwako."

Nyuma ya Direkta mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mwanamke aliyeshikilia meza asianguke. Prof alitambua kabla yangu kuwa ni cha Yaya. Alikuwa amekunja uso tayari kwa kukasirika, na uso ukabaki umekunjwa hivyohivyo, ila macho yakasahau kilichokuwa kimewakasirisha.

"Ninaweza kuhamisha kabati na mukono," Direkta akasema. "Ni kazi kidogo."

"Usiguse!" Prof akapiga kelele. "Kolis ya kupangwa na mupokeaji, ile haiko kolis! Futa nyumba yangu, ngojea ingine."

Mara ya tatu ikafika sawasawa. Sitaipamba: alifunga anavyopaswa, ikafunguka inavyopaswa, noyau ikakuta kabati mahali pake, redio ikasema. Kutoka Malemba mawimbi yake hayafiki hata nusu ya njia ya kuja kwetu, kwa hiyo Direkta aliinua simu karibu na kipaza sauti, Prof akabandika sikio kwenye simu yangu, akamsikia mkewe akisoma komunike ya mbuzi aliyepotea. Mbuzi mweusi, pembe moja. Prof alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza Injili.

Siku ile ile akaanza kumngojea. Alipaka nyumba chokaa. Alinunua godoro. Na, msinicheke, alimwita seremala, akatengenezewa kabati la nguo, lile Yaya aliloliomba mpaka akachoka, la milango miwili, na kioo.

"Prof," nikamwambia, "kabati haisafiri."

"Njo kwa sababu ya ile. Litabaki hapa, litamungojea."

Samaki wakaja. Yaya hakuja. Prof alikwenda kila mara pale pikipiki za Malemba zinapoteremsha watu, akawauliza wauza samaki barabara ikoje. Iko muzuri, Prof. Redio inasema? Inasema kila siku, Prof. Walimjibu kwa adabu na kutazamana, na mimi niliona wanavyotazamana, nikajua kuna kitu Malemba nzima inakijua na Kamina haijakijua. Akawa anarudi nyumbani, anafungua lile kabati tupu, analifunga. Milango ilikuwa mipya, inalia. Niliisikia kupitia ukutani na roho iliniuma. Nilitaka kumpigia Yaya nimgombeze. Kisha nikakumbuka kiti, nikaacha.

Mara ya mwisho nilipomkuta ilikuwa asubuhi, karibu na gare. Nilikwenda kupokea karatasi zangu kutoka kwenye treni. Pale pikipiki zinapojipanga nikaiona tai kwanza, halafu yeye, halafu, chini miguuni pake, sanduku la kijani. Nilidhani naota. Sanduku lile nililijua likiwa mlangoni tu. Nje lilionekana dogo.

"Prof! Unapeleka nini?"

Alitoa simu mfukoni, akaishikilia kati yetu, akabonyeza. "Direkta njo alinitumia," akasema. "Banasoma hii kila siku ya soko. Malemba muzima banajua. Nilikuwa nabakia minyi tu, sijajua."

Ilikuwa sauti ya Yaya, ile ya redioni, iliyonyooka, isiyo na mzaha wala huruma, kama anasoma habari ya mbuzi.

"Komunike. Kwa mwalimu mumoja wa kompyuta mwenye kuikala Kamina. Bibi yake anamujulisha asema: redio inasema, barabara iko muzuri, na bakwe yake banajua njo yeye alitengeneza. Kiti yake ya matanga bado iko inje. Kolis ya matanga ilifika. Nyumba yake ilifika, tuliiona mu mashini. Anabakia yeye. Asitume tena kintu. Mwisho wa komunike."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Prof alitazama pembeni, akanipa nafasi ya kujifuta. Tabia hiyo alikuwa nayo, sikuitaja pale juu.

"Na kabati, Prof?"

"Kabati haisafiri," akasema. "Weka karatasi yako ndani, iko na kioo." Akanipa ufunguo wa nyumba. Kisha akaingiza mkono katika mfuko mwingine, akasita, akatoa bisibisi, akanitia mkononi haraka kama mtu anayetoa sadaka kubwa asiione mwenyewe. Niliigeuzageuza nikitafuta kamba. Haikuwa na kamba.

Kijana wa pikipiki alikuwa anafunga sanduku nyuma, na Prof anamsahihisha kila fundo. Alipomaliza, kijana akalizunguka, akalikagua pande zote.

"Mzee, hii sanduku haina adresi. Ikiachana na weye mu njia, banaipeleka wapi?"

Nikangoja. Mtu huyu alinipa sifuri kwa sababu sikujua sukari ya shangazi inakaa wapi jikoni. Prof akapanda, akarekebisha tai, akashika sanduku kwa mkono mmoja, nyuma yake.

"Kolis njo haina kinywa," akasema. "Minyi niko na kinywa. Nitauliza."